Kijani Alichokiona Mama Mdogo

Mama mdogo ndiye aliyenipeleka kwenye ile nyumba. Alikuwa na miaka mitatu pale, akipika na kusafisha, katika nyumba ya ghorofa moja upande wa Galu, pale hoteli za Diani zinapokwisha na vichaka kuanza. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kizungu, profesa aliyestaafu, aliyehamia huku na mkewe ili wamalizie umri wao penye joto. Mke hakumaliza mwaka. Akaenda kuzikwa kwao, naye mzee akarudi peke yake, na badala ya kuiuza nyumba akaagiza vyombo vyake vya maabara vije kwa meli.

Mimi nilikuwa nikisomesha fizikia katika shule ya wasichana upande wa Msambweni, na hadi leo nasomesha. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa sijabadili meno. Mdogo wake akanichukua kwake Kinondo, akanilea. Mumewe alikuwa mkata miwa Ramisi, naye alitangulia mapema, wasijaliwe mtoto. Tukabaki sisi wawili, na tangu hapo neno mama kwangu halikuwa na mtu mwingine.

Siku moja mzee alimkuta amesimama sebuleni na kitambaa cha vumbi mkononi, akivitazama vile vioo na vyuma vilivyopangwa juu ya meza nzito. Akamwomba asiviguse. Mama mdogo akamjibu kwamba hana haja ya kuvigusa, ila anaye binti anayesomesha mambo hayo hayo. Jumamosi iliyofuata nilipanda tuk-tuk kutoka Ukunda, nikashuka mbele ya lango lake.

Sebule ile ilikuwa imezibwa madirisha yote kwa kitambaa cheusi. Nje jua lilikuwa linachoma, bahari iko hapo hatua chache, na ndani palikuwa giza na baridi ya mashine, pananukia vumbi lililoungua. Mlango wa ukumbini ulikuwa umetolewa, pamewekwa pazia zito jeusi. Upande wa pili wa ukumbi ndipo kilipokuwa chumba cha marehemu mkewe, kimefungwa, na viatu vyake vya kutembelea pwani bado viko kizingitini. Mama mdogo alivipangusa viatu vile kila wiki na kuvirudisha palepale, na kila mara alisema bismillahi kabla ya kuinama.

Mzee alinionyesha kitu ambacho hakikuwemo katika kitabu chochote nilichosomesha. Aliwasha leza ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho, akaupitisha kwenye kioo chembamba kilichochongwa kama ngazi inayozunguka, kisha akaniwekea picha ya kamera kwenye kompyuta. Nilitegemea kuona nukta. Nikaona pete. Mwanga pembeni, giza katikati.

Aliniambia kwamba mwanga wa kawaida huenda mbele kama kurasa zinazosukumwa, moja nyuma ya nyingine. Huu ulikuwa unakwenda kwa kujizungusha. Nikafikiria kamba ya makumbi inavyosokotwa, nyuzi zikizunguka mhimili ambao wenyewe si uzi wowote. Nikamwambia hivyo, akapenda sana, na tangu siku hiyo akaacha neno lake la Kiingereza akawa anasema msokoto. Mimi na yeye tulizungumza Kiingereza. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, cha kuomba chumvi na kushukuru kwa chakula.

Kisha akanieleza alichokuwa akikitafuta. Mwanga ukiwa na nguvu ya kutosha, ukapitishwa kwenye fuwele fulani, chembe zake mbili huungana zikawa moja yenye nguvu maradufu. Mwanga usioonekana huingia, na kwa upande wa pili hutoka mwanga wa kijani. Ikiwa kila chembe iliyoingia ilikuwa imesokotwa mara moja, ile moja iliyotoka itakuwa imesokotwa mara mbili, kwa kuwa msokoto haupotei njiani. Watu walikwisha kuyapima hayo zamani kwao. Yeye alitaka kuupima msokoto wa kijani na ule wa mwanga uliosalia bila kugeuka, papo hapo, mezani pake, katika hewa yetu ya chumvi ambayo kila mtu alimwambia ingemwozeshea vioo.

Nilikuwa nimeanza shahada ya pili zamani nikaikatiza, nikarudi nyumbani bibi yangu mzaa mama alipougua. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba jambo lile lilikuwa likiniuma. Nilipotoka kwenye nyumba ile Jumamosi ya kwanza nilitembea hadi barabarani bila kuhisi jua.

Nikawa naenda kila Jumamosi, na likizo zote. Nilijifunza kupangusa lenzi bila kuacha alama na kusogeza kioo kwa unene wa unywele. Nilijifunza kuvaa miwani ya kinga kabla ya yote, na kuufuata mwanga usioonekana kwa kikadi kidogo kinachong'aa mwanga huo ukikigusa. Kanuni ya mzee ilikuwa moja: kila mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo au lenzi ujulikane unakwenda wapi, na uzuiwe. Aliyarudia maneno hayo mpaka nikayasema pamoja naye. Mama mdogo alikuwa akituletea chakula mpaka kwenye pazia, akabisha hodi, akangoja. Hakuingia mpaka aitwe. Alijivunia kwamba nyumba ile sasa ilikuwa na watu wake wawili.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, baada ya adhuhuri. Asubuhi umeme ulikatika, vioo vikaingia ukungu, tukakaa hadi saa saba tukivikausha. Wakati tunakula, nilimwambia mama mdogo atuletee chai ikiingia alasiri, na asisumbuke kungoja pazia, aingie tu, kwani tutakuwa tumechoka tumekaa. Nilisema hivyo kwa mapenzi. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko aya ninazozihifadhi.

Kazi ilituendea vizuri. Ili kuhesabu msokoto, pete ya mwanga hupitishwa kwenye lenzi iliyoinamishwa kidogo, nayo hujivunja kuwa vipande vilivyosimama sambamba. Unahesabu mapengo ya giza kati ya vipande. Kijani kikatupa mapengo mawili, meusi, safi, kama vidole vimepigwa picha. Mzee alivua miwani akajifuta macho, akaivaa tena. Akasema sasa tuuangalie ule uliosalia.

Tukakiondoa kile kichujio kinachouzuia mwanga usioonekana, tukaweka kioo kinachokitupa kijani pembeni kwenye kizuizi. Sasa juu ya meza hapakuwa na kitu cha kuonekana. Nilitazama kamera. Vipande vilikuwa havijatengana sawasawa, nikaiinamisha lenzi zaidi kidogo. Vikatengana. Pengo moja, kama lilivyotakiwa.

Lenzi ikiinamishwa, mwanga unaorudi kutoka usoni pake nao huhama. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Ule mwanga mdogo ulikuwa umetoka kwenye kibao cha kuuzuia nilichouwekea, na ilinipasa nichukue kikadi niufuate. Nilifikiri: dakika moja tu, nihifadhi picha kwanza.

Pazia likafunguka. Mama mdogo aliingia na sinia, kama nilivyomwambia. Sikumsikia mpaka aliposema, "Chai hii."

Sinia halikuanguka. Aliliweka chini polepole, akapiga goti moja, akashika jicho lake la kushoto.

"Nini hicho cha kijani?" akauliza.

Mzee alizima leza mara moja. Nikamfuata mama mdogo pale sakafuni. Alisema amesikia kitu kimepasuka ndani ya kichwa, tiki, kama kibiriti kinachovunjika, na ameona mweko wa kijani. Yote hayo aliyasema kwa Kidigo, kama asemavyo akishtuka. Mzee aliniuliza kwa Kiingereza amesema nini, na kama mwanga unaorudi ulikuwa umezuiwa.

Nilimwambia ulikuwa umezuiwa. Nikamwambia mama amesema ameona kizunguzungu, labda ni giza la chumba baada ya jua la nje.

Yote mawili niliyasema bila kusita, kwa sauti yangu ya darasani. Mzee alimtazama mama mdogo kwa muda, akamsaidia kusimama, akasema pole, pole sana, kwa Kiswahili chake. Mama mdogo akamjibu, "Ahsante, nishapoa," akaliokota sinia, akatumiminia chai.

Nilijiambia kwamba haikuwa leza. Na nilikuwa na hoja. Yeye aliona kijani, na kijani chetu kilikuwa kimetupwa pembeni, kimezibwa, hakikuweza kufika mlangoni. Ule mwanga mwingine hauonekani na mtu yeyote. Kwa hiyo alichokiona hakikutoka kwetu. Nilipanga hoja hiyo kama ninavyowapangia wanafunzi, hatua kwa hatua, na kila nilipofika mwisho nilipumua.

Mama mdogo alikuwa akishona kofia za viua jioni jioni. Ni kazi ya sindano nyembamba na macho makali, tundu moja baada ya jingine, na watu walikuwa wakiagiza kwake hadi Vanga. Wiki ya pili nilimkuta anafumua alichoshona. Wiki ya tatu alikuwa anakisogeza kitambaa mbali, halafu karibu, halafu anakigeuzia upande wa kulia wa uso. Nilimuuliza kuna nini. Akasema kuna doa dogo katikati ya jicho, kama nzi asiyetaka kuruka. Akimtazama mtu usoni kwa jicho hilo, anaona masikio na haoni pua.

Nilimwambia ni uchovu, litapita.

Majirani hawakuwa na shida ya kuelewa. Nyumba ile ilikuwa na madirisha yaliyozibwa mchana, chumba kilichofungwa, viatu vya mtu aliyekufa, na mwenyewe anayecheza na mianga gizani. Mtu akiona kijani humo kisha jicho likaharibika, jambo liko wazi. Walimwambia ni pepo wa yule mama wa Kizungu, amemwonea wivu kwa kuzishika kazi zake. Mama mdogo hakuwa mtu wa kuyapokea haraka maneno ya namna hiyo. Lakini alikuwa ameona kwa jicho lake, na hakuna aliyempa maelezo mengine.

Aliniomba tuende kwa mwalimu wa madrasa, mtu mpole anayemheshimu. Tulimkuta barazani. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia, akamsikiliza mama mdogo mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema atamwandikia kombe, na Mwenyezi Mungu ndiye mponyaji, lakini dawa nayo ni katika sunna, kwa hiyo asikose kwenda hospitali amwone daktari wa macho. Alinitazama mimi aliposema hivyo, kwa kuwa ni mimi niliyesoma. Nikamwambia, inshallah, nitampeleka likizo ikifika.

Likizo ilikuwa mbali. Niliijua tarehe yake.

Aliandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya marashi, akatutilia kwenye chupa. Mama mdogo alikuwa anywe siku saba, asubuhi kabla ya kutia kitu kinywani. Nililala kwake wiki ile yote. Kila alfajiri, baada ya swala, nilimmiminia kikombeni, nikamshikia, kwa sababu alikuwa anafumba macho anapokunywa. Harufu ya marashi ilinifuata shuleni. Siku ya tano alifumbua macho akanitazama, akauliza kwa tumaini kama jicho limebadilika rangi. Nikamwambia naona kama limeng'aa.

Ndipo kijani kilipoanza kunijia mimi. Sikupigwa na mwanga wowote, macho yangu ni mazima hadi leo. Lakini nilipokuwa nikisujudu, paji la uso likigusa mkeka, nilikiona, katikati ya giza la kope zangu, mweko mmoja na kunyamaza. Nilianza kusali haraka. Darasani nilichora jicho ubaoni, lenzi, kioo nyuma yake, mistari ya mwanga ikikutana nyuma kabisa kwenye nukta moja, na nilipoifikia nukta nikaiacha bila kuigusa. Msichana mmoja wa mbele akanikumbusha kwamba mistari yangu haijakutana. Nikamwambia amalizie yeye.

Kwa mzee niliendelea kwenda. Hilo ndilo ninaloliona aibu kuliko yote kulisimulia. Nilienda, nikavaa miwani, nikachukua vipimo, nikaviandika. Mama mdogo naye alikuwa jikoni, anapapasa chumvi badala ya kuiona, akivunja glasi moja leo na nyingine kesho. Mzee alidhani ni umri.

Jumamosi moja tulikuwa tumekaa barazani tunakunywa chai, naye alikuwa na furaha, anazungumza kama ambavyo huzungumza watu waliokosa wa kuzungumza naye. Alikuwa anaeleza jinsi maumbile yalivyotutangulia katika kila kitu. Akasema hata jicho la mwanadamu linaweza kufanya kazi ya ile fuwele yetu. Mwanga usioonekana ukilipiga kwa nguvu, kwa kupasuka mara moja, chembe mbili hupokewa pamoja nyuma ya jicho kana kwamba ni moja yenye nguvu maradufu. Mtu huona rangi ambayo haipo kwenye mwanga wenyewe.

"Rangi gani?" nikamuuliza.

"Kwa leza yetu?" akasema. "Kijani."

Mama mdogo alikuwa ndani, anaosha vyombo, nilikuwa nalisikia bomba. Mzee aliendelea kusema, na mimi nilikuwa natazama mdomo wake. Hoja yangu yote, hatua kwa hatua, ilikuwa imesimama juu ya neno hilo moja. Alichokiona ndicho kilichokuwa ushahidi, na alikisema palepale sakafuni, na mimi nilikichukua kutoka kinywani mwake nikakigeuza kuwa kizunguzungu.

Sikusubiri tuk-tuk. Nilitembea kwa miguu ile njia ya mchanga ya nyuma hadi Kinondo, nikafika kwake kabla yake, nikakaa kwenye kizingiti. Alipofika, kikapu mkononi, aliniuliza mbona nimetoka bila kuaga. Nikamwambia aketi. Akatandika mkeka, akaketi, mimi nikakaa chini mbele yake, nikamweleza. Nilimweleza lenzi, na kibao, na dakika moja. Nilimweleza kwamba ni mimi niliyemwambia aingie bila kungoja. Nilimweleza kwamba kijani chake kilikuwa cha kweli na kilifanyika ndani ya jicho lake mwenyewe, na kwamba nilimdanganya mzee kuhusu yale aliyoyasema yeye. Nilisema jicho lile pengine lisipone tena.

Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani. Kulikuwa na kuku wawili uani, wakikwaruza.

"Kombe lile nililinywa siku saba," akasema. "Wewe ndiye uliyenishikia kikombe."

"Ndiyo, mama."

"Ukijua."

"Nikijua. Nikijikana, lakini nikijua."

Aliinuka, akachukua maji, akatawadha, akasali alasiri. Nilimngoja amalize. Alipotoa salamu hakugeuka kwangu. Alibaki ameelekea kibla mpaka kivuli cha ua kikafika mkekani, na mimi nikaondoka.

Siku tisa hakusema nami zaidi ya kuitikia shikamoo. Aliitikia marahaba kila nilipoitoa, hakuninyima hiyo. Nilienda kila jioni baada ya shule. Nilimchotea maji, nikafagia, nikaketi kizingitini, nikarudi. Kazini hakwenda, wala mimi sikwenda kwa mzee. Siku ya kumi, nikiwa nakunja mkeka, alisema, "Kesho nipeleke hospitali. Na huko useme ukweli."

Tulivuka kwa feri pale Likoni asubuhi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye mikono ya baridi. Alimtia mama mdogo dawa ya matone, akalitazama jicho kwa muda mrefu kupitia chombo chake, kisha akauliza lilipigwa na nini. Nilisema. Nilitaja aina ya leza, rangi isiyoonekana, umbali, tarehe. Akaacha kuandika akanitazama, halafu akarudi kuandika. Alisema kuna kovu dogo sana, karibu na pale penye kuona kukali, na kovu halirudi kuwa jicho. Jicho la kulia ni zima. Mama mdogo aliuliza kama tungekuja siku ileile ingekuwa tofauti. Daktari alisema huenda isingekuwa tofauti kubwa. Mama mdogo akatikisa kichwa. Najua kwamba lile neno "huenda" alilibeba hadi nyumbani, kama mimi.

Kwa mzee nilienda peke yangu. Nilimkuta maabara, nikamwambia nikiwa nimesimama. Alivua miwani, akakaa kwenye kiti. Hakunikaripia. Alisema kosa lake ni kubwa kuliko langu, na nilipopinga akaniambia ninyamaze. Alisema mtu amempikia miaka mitatu nyumbani mwake, akapiga goti sakafuni mbele yake, naye akageuka akamuuliza mtu mwingine amesema nini. "Ningemuuliza mwenyewe," akasema. "Maneno ya kuulizia ninayo."

Asubuhi yake alikuja Kinondo. Hakuwahi kufika kwetu kabla ya hapo. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye mkeka kwa shida ya magoti, akamwomba mama mdogo radhi kwa Kiswahili, akisita kila baada ya maneno mawili kutafuta la tatu. Mama mdogo alimwacha ayatafute yote mwenyewe. Sikutafsiri. Alipomaliza, mama mdogo alimwambia amesikia. Kisha akasema kuna jambo moja analolitaka: akaonyeshwe huo mwanga.

Tulimpeleka Jumamosi. Mzee alikuwa amekipunguza kijani mpaka kikawa hafifu, amezuia kila kitu kwa mbao, na picha ikaonekana kwenye kompyuta tu. Alimvalisha mama mdogo miwani hata hivyo, akaifunga mwenyewe nyuma ya mtandio wake. Pete ikatokea. Mama mdogo aliisogelea. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akatazama, kisha akafunika la kushoto, akatazama tena.

"Katikati hamna kitu," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba giza lile si sawa na lake, kwamba lile ni la mwanga na lake ni la kovu, mambo mawili tofauti kabisa. Angalau mara hiyo nilinyamaza mahali pa kunyamaza.

Akauliza mambo haya yanasaidia nini. Mzee alianza kumweleza habari za kupeleka ujumbe mwingi kwa mwanga mmoja, na za kushika vitu vidogo visivyoshikika kwa mkono. Alieleza kwa Kiswahili, vibaya, jasho likimtoka. Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema, akavua miwani, akampa. Alitoka akaenda ukumbini. Nilimwona amesimama mbele ya chumba kilichofungwa, akavitazama vile viatu, akainama akavisogeza vikakaa sawa, na safari hii sikumsikia akisema kitu. Hakurudi tena kufanya kazi pale.

Mzee alifungua vyombo kimoja kimoja, akavifunga kwenye masanduku. Aliniuliza kama jina langu liwe kwenye andiko la vipimo. Nikamwambia vipimo ni vyake. Sidhani kama aliwahi kulipeleka popote. Hata hivyo vipimo vilikuwa sahihi. Msokoto mmoja uliingia, miwili ikatoka, na nikifumba macho bado naweza kuyahesabu yale mapengo. Aliondoka kabla ya mvua. Nyumba imenunuliwa na watu wengine, madirisha yako wazi, nikipita naona mapazia yanapepea.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu sasa nawafundisha mwanga usioonekana kabla ya ule unaoonekana, kinyume cha kitabu. Mkaguzi aliniuliza kwa nini, nikampa sababu nyingine.

Mama mdogo anaishi nami Msambweni. Kofia ameacha. Watu wakimuuliza jicho lina nini, husema ni ajali ya kazini, na hataji mtu. Hilo ni stara yake juu yangu, na nalisikia kila mara kama nalisikia mara ya kwanza. Kijani bado kinanijia katika sijida, si kila siku. Nimeacha kusali haraka.

Hajawahi kuniambia amenisamehe. Mwezi uliopita alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, mimi nasahihisha madaftari, redio ya jirani inasema. Aliupeta, akaupitishia vidole, akauelekeza dirishani, akauinua karibu na jicho la kulia. Halafu akanisogezea ungo.

"Niangalizie," akasema. "Mimi nimeona hauna kitu."

Niliweka kalamu. Niliutawanya mchele kwa kiganja, nikaupitia wote, pembeni na katikati, nikaugeuza, nikaupitia tena. Ulikuwa na jiwe moja, dogo, la rangi ya mchele wenyewe.

"Lipo moja," nikamwambia, nikaliweka kwenye kiganja chake.

Alilipapasa kwa kidole gumba, akalitupa nje ya dirisha, akachukua ungo wake akaenda jikoni kubandika maji.